Mchana Unauza, Jioni Unasoma? Hivi Ndivyo Simu Inavyoweza Kuwasemea

Wauzaji wenzangu, najua wengi humu mchana mnafunga mizigo ya wateja, jioni mko darasani: uhasibu, kompyuta, ushonaji, QT. Mimi pia nasoma jioni.

Kwetu ofisi inayotoa vibali vya mtihani ilikuwa inafungwa saa 9:30 alasiri. Sisi tunaingia darasani saa 11 jioni. Bila kibali hufanyi mtihani, na ada ndiyo imeshakwenda. Ukikifuata mchana, inabidi ufunge duka. Kila mtu akawa analalamika kivyake kwenye status, na hakuna kilichobadilika mpaka tulipofanya haya:

1. Grupu la jambo moja. Grupu la darasa limejaa picha za masomo na vichekesho. Tukafungua lingine la wanafunzi wa jioni tu. WhatsApp inabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo madarasa yote ya jioni yanaenea.

2. Kura. Usiulize "mnaonaje?", utapata meseji mia na jibu hakuna. Weka kura yenye machaguo matatu, kama unavyompa mteja rangi tatu za gauni achague. Ila kumbuka, kwenye kura ya WhatsApp watu wanaona nani kachagua nini. Mambo ya nani anadaiwa ada yasipigiwe kura pale, yaje inbox.

3. Ombi moja lenye namba. Hatukuandika "mnatunyanyasa". Tuliandika: sisi wanafunzi 38 wa jioni tunaomba ofisi iwe wazi hadi saa 1 usiku, Jumanne na Alhamisi, wiki mbili kabla ya mtihani. Tukachapa barua, wawili wakaipeleka kwa mkono, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Picha ya nakala ikarudi kwenye grupu, kila mtu akaiona.

4. Usikimbilie kuanika watu. Usitaje jina la mhasibu wala kurusha picha ya meseji zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa wanaosambaza taarifa za uongo, na uvumi wa grupu huwa hauna mwenyewe. Halafu namba hiyohiyo ndiyo unayouzia. Mteja akikuta matusi kwenye status, anahamia kwa jirani.

5. Mrejesho siku hiyohiyo. Jibu likija, zuri au baya, liandike. Watu wakikaa wiki nzima bila taarifa, wanatoka mmoja mmoja.

Tulipewa Alhamisi tu. Si vyote tulivyoomba, lakini kibali changu nilikichukua jioni na duka sikulifunga. Jumanne bado tunaifuatilia, na barua ya pili iko njiani.

Mtumie muuzaji mwenzako anayesoma jioni, aanze sasa kabla mitihani haijamfikia.