Ukilimwa kadi nyekundu, shika kipyenga

Kanuni yenyewe ni fupi. Mchezaji akilimwa kadi nyekundu, kukaa nje mechi mbili tatu hakutoshi. Hatavaa jezi tena mpaka kwanza awe refa: akabidhiwe kipyenga, apelekwe kwenye mechi za watoto wa chini ya miaka kumi, azichezeshe moja baada ya nyingine hadi hesabu aliyopangiwa itimie. Ndipo jina lake linarudishwa kikosini.

Niliisikia nikiwa katika shughuli nyingine kabisa. Nilikuwa naandaa makala kuhusu semina za kujijenga zinazofanyika katika hoteli za katikati ya Nairobi, zile za kudhibiti hasira na kujiamini, ambapo chai huletwa saa nne na cheti hutolewa saa kumi. Jamaa mmoja wa Kayole niliyemwomba maoni alicheka sana. Kwao, alisema, hasira hutibiwa kwa kipyenga. Akanieleza, nikaagana naye, na makala ya semina ikaishia hapo.

Kanuni hiyo haikubuniwa Kayole. Wakazi wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama Kayole na Mathare, wanalijua shina lake: Mathare Youth Sports Association, yaani MYSA, iliyoanza 1987 baada ya Bob Munro, raia wa Canada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira, kuwaona watoto wa Mathare wakipiga mpira wa majuala pembeni mwa taka. Watoto walitaka mipira ya kweli na marefa. Yeye alitaka taka zizolewe. Wakapatana, na mapatano hayo yakaipa ligi sura ambayo hadi leo huwashangaza wageni: timu ikisafisha mtaa inapata pointi sita kwenye jedwali, mara mbili ya ushindi. Unaweza kufungwa leo na bado ukapanda kwa sababu ya mtaro mliouzibua jana. Ukifanya jambo, MYSA nayo itafanya jambo. Usipofanya, nayo haifanyi. Ndivyo wanavyoambiana. Wasichana waliingia 1992. Ipo pia kadi ya kijani, ya mchezaji muungwana, na zipo pointi za uongozi zinazoweza kumlipia mtoto karo. Mengine mnayajua: Mathare United, klabu iliyotokana na MYSA, wakatwaa ligi kuu ya Kenya 2008 chini ya Francis Kimanzi, aliyelelewa huko huko, naye Doreen Nabwire, pia wa huko huko, akaenda kusakata soka Ujerumani na Uholanzi.

Vikombe na taka vimeandikwa sana. Hii adhabu ya kipyenga haijaandikwa vya kutosha, na kwangu mimi ndiyo yenye akili kuliko yote.

Nilikwenda Kayole kuiona ikitumika. Mwanamke aliyenifungulia mlango wake ana miaka arobaini na kitu na anaendesha ligi ndogo ya mtaani huko Kayole, yake na makocha wenzake, ambayo haina uhusiano na MYSA isipokuwa kwamba yeye alichezea huko utotoni na akatoka na kanuni zao kichwani. Hakutaka jina lake litajwe. Wazazi wa watoto wangeona anajitafutia sifa, alisema, na wengine tayari wanadhani analipwa. Watoto wanamwita Anti. Wachezaji wakubwa wanamwita Refa, hata siku ambayo hana kipyenga.

Jumamosi niliyofika, aliyekuwa akitumikia adhabu ni kijana wa miaka 17, mrefu, anayejifunza ufundi wa pikipiki. Alikuwa amemsukuma refa kwa sababu ya penalti. Alikuja na kofia ameishusha hadi machoni, kana kwamba kuna mtu pale ambaye hakumjua.

Uwanja hauna jani hata moja. Upande mmoja ni mtaro, upande mwingine ni ukuta wa ploti. Mistari imechorwa kwa jivu la mama anayechoma mahindi, na kila upepo unapovuma sehemu ya mstari inaondoka, kwa hiyo kila mpira wa kurusha ni kesi. Milingoti ya goli ipo, wavu haupo. Wachezaji wengine ni peku. Ndugu wawili, mmoja katika kila timu, walikuwa wamegawana jozi moja ya daluga: mkubwa kavaa ya kulia, mdogo ya kushoto.

Dakika ya kwanza tu mpira ukaingia mtaroni. Mikono yote ikainuliwa, ya timu hii na ya ile. Kijana akaonyesha upande wa ukuta. Kelele zikapanda. Akaonyesha upande wa mtaro. Hapo ndipo alipofanya kosa, Anti aliniambia bila kumtazama, kwa sababu refa akigeuza mkono mara moja watoto hawatamwamini tena hadi mapumziko. Na kweli, walimzunguka kiunoni wakipiga mayowe kwamba amenunuliwa. Amenunuliwa na nani, na kwa pesa gani, hakuna aliyesema.

Kisha akaja nahodha. Ana miaka tisa, meno mawili ya mbele hayapo. Alipita katikati ya wenzake akiwa ameweka mikono nyuma, akasimama mbele ya yule mrefu na kumwita refa, tafadhali. Katika ligi hii, kama kule ilikotoka kanuni, nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kumsemesha refa. Akaeleza kesi yake taratibu. Yule kijana akainama ili asikie, akavua kofia, na akasema jambo ambalo nadhani hakuwahi kulisema uwanjani maishani mwake: kwamba hakuona vizuri. Nahodha akafikiri kidogo, akageuka, akawaambia wenzake warudi nyuma, refa hakuona.

Katika muda huo wote Anti hakuutazama mpira. Alikuwa akitazama mkono wa kijana, ule wenye kipyenga na kadi. Katika mechi yao ya kwanza, anasema, wengi huchomoa kadi kama mtu anayechomoa panga. Hupuliza mara tano pasipohitaji hata mara moja. Na humtafuta yeye kwa macho. Akiona wameanza kumtafuta, yeye hugeuka kununua mahindi. Amekula mahindi mengi sana kwa miaka hii, alisema. Kufikia mechi ya tatu au ya nne kipyenga huwa kifupi na chenye nguvu, sauti inashuka, na kadi zinabaki mfukoni.

Kipindi cha pili kulikuwa na goli, au hakukuwa nalo. Bila wavu, mpira uliopita ndani ya mlingoti na uliopita nje huangukia vumbi lile lile. Kijana alilikubali. Mlinda lango akaketi chini akalia kwa kwikwi, na mechi ikasimama. Yule aliyemsukuma mtu mzima kwa ajili ya penalti akachuchumaa mbele ya mtoto wa miaka minane na kukaa pale muda mrefu. Sikusikia walichoambiana. Goli lilibaki goli.

Nilipomuuliza Anti kinachotibiwa hapo ni nini, alinipa maelezo ambayo sijayasikia katika semina yoyote. Kijana wa mtaani, alisema, hukosewa kuanzia asubuhi. Makanga hamrudishii chenji. Mwenye nyumba hufunga mlango kwa kufuli jipya. Mwalimu humtuhumu kwa la mwenzake. Katika hayo yote hana pa kumshika mtu, kwa hiyo anayaweka. Refa ndiye mtu mzima wa kwanza aliye karibu, hana bunduki, hana ufunguo wa nyumba, na amekosea mbele ya watu wote. Basi analipwa yote ya wiki nzima. Na kijana huwa na hakika kabisa kwamba refa alikusudia. Ukimwambia huenda hakuona, atakuona mjinga.

Sasa mpe kipyenga. Ndani ya dakika kumi atakosea mwenyewe, na atajua kwamba hakununuliwa, kwamba hamchukii mtoto yeyote pale, kwamba vumbi lilikuwa jingi na mpira ulikwenda kasi. Na watoto thelathini watamwita mwizi. Anti anasema hilo ndilo somo lote: mtu anaweza kukukosea bila kukuchukia. Yeye alilipata akiwa na miaka 15, alipomrushia refa tope na kutumwa kuchezesha wadogo. Katika mechi yake ya kwanza alinyima timu moja goli halali, na hadi leo anamkumbuka msichana aliyelifunga. Adhabu ilipokwisha hakukirudisha kipyenga.

Nikilinganisha na tunayowapa vijana kwingineko, naona aibu kidogo. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, na mzazi yeyote wa Eastlands atakuambia kama vimekwisha. Stadi za maisha zilipoingia kwenye ratiba hazikuwa na mtihani, na somo lisilo na mtihani Kenya hugeuka kipindi cha Hisabati kabla ya muhula kwisha. Hapa mtu ameadhibiwa kwa kupewa madaraka. Sijui shule inayothubutu.

Lakini kuna jambo lililonikera, nikamwambia. Mikono nyuma, sauti chini, asemaye ni nahodha peke yake: hiyo ni adabu nzuri uwanjani. Nje ya uwanja, kilomita chache kutoka pale, Mathare Social Justice Centre, shirika la kutetea haki, ilitoa ripoti 2017 kuhusu watu waliouawa na polisi kati ya 2013 na 2016, wengi wao vijana. Mtoto aliyefundishwa kumwamini anayepuliza kipyenga, kwamba hakukusudia, kwamba huenda hakuona, atamwonaje afisa anayemsimamisha usiku? Na nahodha wake usiku huo ni nani?

Alikasirika. Alisema refa wake ana wa kumshtaki: kuna kitabu cha malalamiko, kuna kikao, na marefa wawili wameondolewa humo. Alisema yeye anafundisha vijana mpira, polisi wafundishwe na waliowaajiri. Kisha akacheka kwa uchungu, akasema labda nao waletwe Kayole Jumamosi wachezeshe watoto wa miaka tisa. Baadaye, tukiwa tumeketi kwenye mawe, alirudi kwenye swali bila kuulizwa. Kuhusu polisi huwaambia vijana wake mikono ionekane, sauti iwe ya chini, wasikimbie. Maneno yanafanana na ya uwanjani, alikiri, lakini ya polisi ni ya hofu, na ya uwanjani ni ya heshima. Yeye anaijua tofauti. Kama kijana wa miaka 17 anaijua, saa nne ya usiku, taa imemulikwa usoni, hakuniambia, nami sikuona sababu ya kumlazimisha.

Ana daftari la kurasa za mistari. Kila aliyelimwa kadi nyekundu ana ukurasa wake, na kila mechi aliyochezesha ina alama ya vema. Kurasa nyingine zina vema hadi mwisho. Nyingine zina mbili, moja, au jina tupu. Zamani alikuwa akiwafuata hadi nyumbani, ila kodi ikipanda familia huhamia Njiru au Ruai, na nambari za simu hubadilika. Mmoja alimpata stejini, sasa ni makanga. Kijana hakukataa kwa kiburi. Alisema Jumamosi ndiyo siku yenye pesa, na kuchezesha watoto bure asubuhi nzima ni kukosa kodi ya mama yake.

Hapo ndipo kanuni inapoyumba. Adhabu ya kukaa nje haimgharimu maskini chochote. Hii inamgharimu siku ya kibarua. Anti anataka wanaofanya kazi wapunguziwe mechi, au wachezeshe jioni za katikati ya wiki. Makocha wenzake wanapinga, wakisema ukianza kumwangalia mtu hali yake, kesho kila mmoja atakuwa na kibarua. Wengine wanauliza nani atasimamia mechi za Jumatano wakati wao pia wako kazini. Walikuwa wamelijadili mara kadhaa bila kuafikiana, na kikao kingine kilipangwa Jumapili baada ya kanisa, ajenda ya tatu, baada ya jezi na baada ya kodi ya uwanja.