Mama, ukiumia kazini nani anawajibika?

Mama mmoja mjamzito alifika kliniki akikohoa, macho mekundu. Hufanya usafi kiwandani. Siku hiyo alichanganya jiki na dawa ya kusafishia choo, akapata gesi ya klorini inayounguza koo na mapafu. Mwenye kiwanda alimwambia, "Wewe umeajiriwa na kampuni ya usafi." Kampuni ikamrudisha kwa mwenye kiwanda.

Ukweli ni kwamba wote wawili wanawajibika. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Mkandarasi aliyekuajiri anapaswa:
- kukufundisha hatari za kazi kabla hujaanza;
- kukupa vifaa kinga, kama glovu na buti, bila kukukata mshahara;
- kulipa mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango huo ni wake, si wako.

Mwenye eneo anapaswa kuhakikisha hewa inapita, milango ya dharura haijafungwa, mashine zina kinga, na mkandarasi ameelezwa hatari zilizopo.

Una mimba au unanyonyesha?
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukupa kazi inayohatarisha afya yako au ya mtoto. Mwambie mapema kuwa una mimba. Ukirudi kutoka likizo ya uzazi, una haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku.

Ukiumia, fanya hivi:
1. Ukivuta gesi, toka nje upate hewa. Kemikali ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.
2. Mwambie mhudumu kuwa umeumia kazini, aandike kwenye kumbukumbu zako. Maandishi hayo yatakusaidia kudai fidia.
3. Mpe mwajiri taarifa mara moja. Andika tarehe, saa na majina ya walioona.
4. Akikupuuza, nenda ofisi ya WCF au ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Jambo la mwisho: vumbi na kemikali hurudi nyumbani na nguo. Badili nguo za kazi na unawe kabla ya kumbeba mtoto, na uzifue peke yake.

Kudai glovu si ukorofi, mama. Ni kujilinda wewe na mwanao.