Baada ya Turubai Kushushwa

Jumapili ya Julai 30, 2023, mitumbwi miwili iliyobeba waumini waliokuwa wakitoka ibadani ilizama Ziwa Victoria, katika kijiji cha Mchigondo wilayani Bunda, mkoani Mara. Zaidi ya watu kumi walifariki, watoto wakiwemo. Miili ilitafutwa kwa siku kadhaa, na ndugu hawakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Msiba mkoani Mara hauachiwi mfiwa peke yake. Turubai linafungwa, viti vinaazimwa, wanawake wanafika na kuni, unga na dagaa. Chama cha kufa na kuzikana kinatoa masufuria makubwa. Daftari la rambirambi linazunguka: jina, kisha kiasi, hata kama ni shilingi elfu moja. Mfiwa habanwi kwa maswali. Watu wanakaa naye tu, na kukaa huko ni tiba kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linahimiza jambo hilohilo: angalia mtu anahitaji nini, msikilize, muunganishe na msaada, wala usimlazimishe kusimulia yaliyomkuta.

Kazi ngumu inaanza matanga yakishaanuliwa.

Katika nyumba nyingi za wavuvi waliofiwa na mtoto, mume ndiye anayetangulia kurudi kazini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mwezi ukishaanza kung'aa kipato kinapungua, kwa hiyo hana nafasi ya kukaa. Mke anamwona anapita na taa zake kuelekea mwaloni na kuhisi kwamba mwenzake amesahau upesi mno. Mume naye, akirudi alfajiri na kumkuta bado analia, anahisi analaumiwa. Kumbe wote wawili wana uchungu, ila kila mmoja anaubeba kivyake. Linalobomoa ndoa hapo ni lile swali lisilotamkwa: nani aliruhusu mtoto asafiri siku ile? Heri liulizwe mapema, mbele ya mzee au kiongozi wa dini wanayemwamini wote.

Kulia mwezi wa pili au wa tatu si ugonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022 unahesabu huzuni kuwa tatizo la kiafya pale inapopita miezi sita, ikavuka desturi ya jamii husika na kumfanya mtu ashindwe shughuli zake. Akifika hapo, apelekwe kituo cha afya.

Watoto ndio wanaosahaulika zaidi. Baba akifa, wanaambiwa amesafiri, nao wanaendelea kumngoja. Mtoto aambiwe wazi kwamba baba amekufa, tena na mtu anayempenda. Asipokula, akiacha kucheza au akigoma kwenda shule, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia. Simu ya taifa ya watoto, namba 116, hupigwa bila malipo.