Likasi, Kolwezi: Shaba inavyotolewa ndani ya maji kwa nguvu ya umeme

Malori yanayotoka Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa hubeba mabamba ya shaba safi, asilimia 99.99. Mabamba hayo hayakuyeyushwa kwa moto. Yametoka ndani ya maji ya bluu, kwa umeme. Mjini Likasi, kiwanda cha Shituru kilianza kazi hiyo mwaka 1929.

Jiwe la kijani, malakite, husagwa na kutiwa asidi ya salfuriki. Shaba inayeyuka, inakuwa salfati ya shaba. Ikiwa kavu, salfati hiyo ni chumvi: ioni za shaba zenye chaji chanya zimeshikana na ioni za salfati zenye chaji hasi. Ndani ya maji zinaachana na kutembea. Hapo ndipo umeme unapata kazi.

Katika beseni hupangwa mabamba mawili mawili. Ioni za shaba hukimbilia katodi, kila moja inapokea elektroni mbili, inageuka metali na kuganda pale. Baada ya siku kadhaa, wafanyakazi hubandua bamba zito. Upande wa anodi, ambayo ni risasi, maji ndiyo yanavunjika: oksijeni inatoka kama mapovu, na asidi inazaliwa upya. Asidi hiyo hurudishwa kuyeyusha mawe mengine.

Umeme huo lazima uende upande mmoja tu. Ule wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa hiyo kiwanda huunyoosha kwanza. Beseni moja linahitaji volti mbili hivi, kidogo kuliko betri mbili za tochi, lakini tani moja ya shaba hula karibu kilowati-saa 2,000. Balbu ya wati 10 ingewaka usiku na mchana zaidi ya miaka 22 kwa umeme huo.

Umeme ukikatika, hasara haiishii kwenye kusimama kwa kazi. Beseni linageuka kuwa betri, na shaba iliyokwisha kuganda huanza kurudi ndani ya asidi. Ndiyo maana kampuni hununua umeme kupitia Zambia na kuwasha jenereta za mazuti, wakati mitaa jirani iko gizani kwa delestaji.

Laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi hii. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo hadi leo havina taa.