Nyonga Iliyovunjika (Sehemu ya Pili): Kutoka Barabarani Hadi Magongo

Wiki jana tuliona kwamba fupanyonga ni pete ya mifupa, na kwamba pete hiyo ikipigwa kwa kishindo aghalabu huachia mahali pawili, si mahali pamoja tu. Leo tunaingia kwenye tiba. Nionavyo mimi, hapa Machakos majeruhi wa namna hii hucheleweshwa pale anapopaswa kukimbizwa, kisha hukimbizwa pale anapopaswa kungoja.

Tuanzie barabarani, tuseme Kyumbi au Mlolongo, ambako bodaboda imegongwa na lori. Majeruhi wa fupanyonga anaweza kupoteza damu lita 2 au zaidi ndani ya mwili bila tone kuonekana nje. Asikalishwe kwenye bodaboda nyingine, wala asigeuzwegeuzwe na kila anayefika kutazama. Chukua leso pana, umfunge ikaze. Lakini si kiunoni pafungwapo mshipi wa suruali, bali chini zaidi, usawa wa yale manundu ya mfupa yaliyo ubavuni mwa mapaja. Magoti yafungwe pamoja. Damu ikitoka kwenye njia ya mkojo, mwambie daktari kabla hajaingiza mpira wa mkojo. Na ukiulizwa pesa kwanza mlangoni, kumbuka Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010: hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.

Tundu la nyonga lina balaa yake. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa humo kama mchi ndani ya kinu cha muthokoi. Abiria wa kiti cha mbele akigonga goti kwenye dashibodi, paja husukumwa nyuma, mchi ukavunja ukingo wa kinu na kuchomoka. Utauona mguu umefupika, goti limeelekea ndani. Mfupa unatakiwa urudishwe tunduni na daktari hospitalini, majeruhi akiwa amelazwa usingizi wa dawa, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa sababu mishipa inayolisha kichwa kile imebanwa, na mfupa usiopata damu hufa. Mwulize pia kama anaweza kuinua wayo. Akishindwa, huenda mshipa mkubwa wa fahamu upitao nyuma ya nyonga umeumia.

Mkandaji hana kazi hapa. Simdharau, ila vidole havioni ndani ya tundu lililofunikwa na misuli minene, na kuvuta mguu huo kwa nguvu kunaweza kuanzisha damu upya.

Zamani wengi wa wagonjwa hawa walilazwa tu, mguu ukavutwa kwa uzani kwa majuma mengi. Mwaka 1964 Robert na Jean Judet pamoja na Émile Letournel, madaktari wa Ufaransa, waliyagawa mavunjiko ya tundu katika aina 10, 5 sahili na 5 changamano, wakaonyesha jinsi ya kuyasoma kwa eksirei zilizopigwa mgonjwa akiwa ameinamishwa nyuzi 45 kila upande. Mmarekani Joel Matta aliripoti mwaka 1996 mavunjiko 262 yaliyopasuliwa ndani ya majuma 3: robo tatu hivi yalipona vizuri au vizuri sana. Muda huo ukipita, vipande huanza kuungana vibaya na kuvirudisha huwa vita.

Si kila mtu hupasuliwa. Ufa ambao haujasogea huachwa uunge wenyewe. Ila daktari akisema upasuaji, Nairobi si mbali, ni kilomita 65 tu hivi. Kinachokula siku ni vikao vya familia na michango. Kwa hiyo jiandikishe na ulipie bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ukiwa bado mzima.

Nyumbani ndiko subira inakoanza. Kwa majuma 6 hadi 12 mguu wa upande ulioumia hugusishwa chini kwa vidole tu, uzito wote ukiwa kwenye magongo. Kwa mtu wa miteremko ya Iveti au Mua hilo ni zito kuliko linavyosikika wodini, kwa hiyo ahamie kwa ndugu anayekaa tambarare. Choo cha shimo ni hatari, kwa kuwa kuchutama hukunja nyonga kupita kiasi; fundi seremala atoboe kiti. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, asipate vidonda vya kulalia. Akivimba shavu la mguu au kukosa pumzi ghafla, ni damu iliyoganda hiyo mpaka ithibitishwe vingine: hospitali mara moja.

Kuna jambo wanaume huona haya kuuliza. Jeraha hili linaweza kupunguza nguvu za kiume, nalo lina tiba, mwambieni daktari. Mwanamke naye aieleze kliniki ya wajawazito kuhusu vyuma alivyowekewa. Wengi bado hujifungua kwa njia ya kawaida.

Hata tundu lililopangwa vizuri laweza kusagika baada ya miaka, mgonjwa akahitaji nyonga ya bandia. Kwa sasa, usiyatupe magongo kwa kuwa maumivu yametulia. Ngoja eksirei na kauli ya daktari. Wiki ijayo: wazee wanaovunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni.