Tanuru la Gundi

Tuseme seremala wa Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi, anataka kutengeneza mgongo wa kiti uliopindika. Akiuchonga katika ubao mmoja mnene, nyuzi za mti hukatwa, na mgongo huvunjika upesi. Basi hupasua mbao nyembamba, hupaka gundi kati yake, huzipinda pamoja juu ya kalibu, na kuzikaza kwa vibano vya chuma. Gundi ikikauka, mbao zote zimekuwa kitu kimoja. Mjerumani Otto Hetzer alitengeneza hata boriti za nyumba kwa njia hiyo tangu mwaka 1906.

Lakini katika miezi ya Juni na Julai fundi hupata taabu. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, na usiku baridi hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Kwa nini baridi ni adui wa gundi? Gundi nyeupe ni chembe ndogo sana zilizomo ndani ya maji. Maji yakitoka, chembe hukaribiana na kuungana. Katika baridi kali huwa ngumu, haziungani, na gundi hubaki kama unga wa chokaa. Kiti kama hicho kitamwangusha mwenye kukikalia.

Kwa hiyo fundi hujenga tanuru dogo. Huchukua sanduku kubwa la mbao na kuligandamiza kadibodi ndani. Chini huweka taa mbili za umeme za wati 100, za namna ya zamani, zenye uzi unaowaka. Taa hizo hutoa joto jingi kuliko mwanga. Taa mpya za LED hazifai kwa kazi hii. Juu ya taa huweka bati, ili joto lienee. Kazi yake huilaza juu ya vijiti, hewa ipite pande zote. Taa isiguse mbao wala nguo, maana huweza kuziunguza.

Joto la digrii 30 hadi 35 latosha. Likizidi, mbao hupasuka, na gundi nyeupe hulainika. Tena, kumbukeni: joto huingia polepole katika mti. Hewa ya sanduku yaweza kuwa moto, na moyo wa kazi bado ni baridi. Fundi mwenye akili hutoboa kipande kingine chenye unene uleule, hutia kipimajoto ndani yake, na kuhesabu saa tangu moyo huo ulipopata moto.

Umeme ukikatika, asifungue sanduku. Alifunike kwa blanketi, taa zikiwa zimezimwa, na kutia upesi chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri.

Asitie kamwe mbabula ya makala ndani ya karakana iliyofungwa! Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Wako watu waliolala na mbabula chumbani, wasiamke tena.

Maswali
1. Kwa nini gundi nyeupe haishiki katika baridi?
2. Kwa nini fundi hupima joto ndani ya mti?
3. Nyumbani kwenu mbabula huwekwa wapi usiku?