Siku ya Kula Nayo Ina Kipimo Chake

Kufunga ni desturi ya kale. Wakristo wa kwanza walifunga Jumatano na Ijumaa, nasi tungali na Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Lakini siku hizi wako wengi wanaofunga kwa shabaha nyingine: wataka kupunguza unene. Siku mbili za juma hula kidogo sana, na siku tano hula kama kawaida. Njia hiyo ilienea tangu mwaka 2012, Michael Mosley, mwandishi wa habari wa Uingereza aliyesomea udaktari, alipoieleza katika televisheni. Siku ya kufunga, mwanamume hula kalori kama 600 na mwanamke kama 500. Kalori ndicho kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula.

Juu ya siku ya kufunga yamesemwa mengi. Sisi twauliza juu ya siku inayofuata: tule kiasi gani?

Jibu ni fupi. Tule kama siku zote, kana kwamba jana hatukufunga: wala si zaidi, wala si pungufu.

Kwanza, si zaidi. Tufanye hesabu pamoja. Mwanamume mzima ahitaji kalori kama 2,500 kwa siku. Akila 600, amepunguza 1,900. Kwa siku mbili, 3,800. Basi, akiongeza 760 tu katika kila siku ya zile tano, amezirudisha zote 3,800, na kufunga kwake ni bure. Nazo 760 si nyingi. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360; kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese kina kama 120. Tonge chache za bukari na vijiko vitatu vya mafuta katika sombe, hesabu karibu imetimia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chicago walitangaza habari za watu 100 waliowachunguza mwaka mzima. Kundi moja lilifunga siku moja na kula siku ya pili. Kundi jingine lilipunguza chakula kidogo kila siku. Mwishoni, makundi hayo mawili yalipungua uzito karibu sawasawa. Maana yake, kufunga hakuna uchawi. Kinachopimwa ni jumla ya juma zima. Tena, wale waliofunga walikula siku ya chakula pungufu ya walivyoruhusiwa. Kumbe si njaa daima inayotusukuma kujaza sahani. Mara nyingi ni ile fikira ya kujilipa. Naye ajilipaye leo chakula cha jana hakufunga; alikopa tu.

Basi siku ya kula tuanze na maji. Tule polepole, mboga na maharage au samaki mbele, bukari kwa kiasi. Kisha tungoje kidogo kabla ya kuongeza.

Pili, si pungufu. Wako watu ambao, wakiona mizani inashuka, hujinyima hata siku za kula. Hao huumiza mwili, kwa sababu misuli nayo hupungua. Alimaye au abebaye mizigo ahitaji zaidi kuliko aketiye ofisini. Kipimo chake ni kazi yake, si sahani ya jirani.

Tena, njia hii si ya kila mtu. Watoto na vijana wanaokua, mama mwenye mimba au anyonyeshaye, na mtu aliyekonda wasiifuate. Mgonjwa wa sukari atumiaye dawa asithubutu bila daktari, maana sukari yaweza kushuka kwa hatari. Kanisa lenyewe halimfungi kijana kwa sheria ya kufunga kabla ya miaka 18, na humwachilia mtu aanzapo mwaka wake wa 60.

Mwisho, twasema na baba wa nyumba. Sufuria ya nyumbani ni moja. Baba aliyefunga Ijumaa akila maradufu Jumamosi, ziada hiyo yatoka katika sehemu ya mama na watoto. Kwa Mkristo, chakula alichojinyima si akiba ya kesho yake. Ni haki ya mwenye njaa, naye mara nyingi ameketi karibu sana, akingojea sahani yake.